Mwaka Nilipompiga Picha Mayu Kabula

Nilikwenda kumzika Mwalimu Bundala ili nihakikishe amezikwa. Najua hayo si maneno ya mtu mzima, tena mwanamke mstaafu anayeheshimiwa kanisani kwake, lakini nimechoka kuyameza. Msiba ulikuwa nyumbani kwake Bariadi mjini, chini ya maturubai mawili, na wanawe walivaa fulana zenye sura ya baba yao. Nilikaa nyuma, upande wa masufuria, nikasikia yote yaliyosomwa kwenye kipaza sauti: alikozaliwa, alikosoma, vyeo alivyopanda hadi akastaafu. Kisha binti yake mkubwa akasoma jambo ambalo, alisema, baba yao hakupenda kujisifia nalo. Kwamba akiwa mwalimu kijana huko kata ya Sapiwi, wanakijiji walitaka kumuua mama mmoja mzee kwa tuhuma za uchawi, na baba yao, kwa elimu yake, akasimama peke yake mbele ya sungusungu akamwokoa. Watu wakapiga makofi msibani. Mama aliyekaa karibu yangu akafuta machozi, akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamjibu kwamba nilifundisha naye mwaka mmoja. Akasema nilikuwa na bahati. Sikumjibu, maana jibu lake ni refu, na hili hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu tuliijua kama mto tu. Nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Sapiwi ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa waliokuwepo siku ile wengine wako hai na wanasali. Nilifika na begi moja, mkeka, na kamera ndogo ya mkanda wa rangi yenye flashi yake yenyewe, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza badala ya godoro. Sikuwa mpiga picha wa biashara. Sikumdai mtu kitu wala sikupita kwenye harusi kutafuta wateja. Nilipiga kwa sababu nilipenda, na hilo ndilo lililowatia watu mashaka. Anayepiga picha akachukua pesa anaeleweka. Anayepiga picha bure anataka nini? Siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni, hata pale msibani walikuwa wakijipiga mbele ya jeneza na hakuna aliyewakemea. Wakati wetu, kunyoosha kile kidude mbele ya mtu kulikuwa kama kumnyooshea kidole.

Jumamosi nyingi nilidandia malori yaliyokwenda barabara kuu, nikafika Lamadi kutafuta picha za ziwani. Nakumbuka mara moja hasa. Wanawake walikuwa wameanika dagaa mchangani, rangi ya fedha tupu mpaka kwenye maji, na nyuma yao wanaume wakikunja kokoro, wavu ambao serikali ilikuwa imeukataza. Mimi sikuuona wavu, niliona mwanga. Nilipiga mbili tatu kabla mama mmoja mnene hajaja kuniuliza nimetumwa na nani. Nikasema sijatumwa, napenda tu. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kisukuma kwamba huyu anasema anapenda tu, na wote wakacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Kisha akachukua ndoo ya maji yaliyooshewa dagaa akanimwagia kuanzia kichwani. Nilifuta lenzi kwanza, ndipo nikafuta uso. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kwa majivuno, kama ushahidi wa jinsi nilivyoipenda kazi ile. Sasa nikikikumbuka namwonea haya yule msichana. Hakujiuliza hata kidogo kwa nini watu wale waliogopa. Alijiona yeye ndiye aliyeonewa.

Chumba changu kilikuwa katika boma la baba yake Bundala. Bundala mwenyewe alikuwa mwalimu mwenzangu, mrefu, msafi, mwenye kunyoosha shati lake kwa pasi ya mkaa kila asubuhi, na ndiye aliyenitafutia chumba hicho. Kilipakana na sebule yao, na ukuta haukufika kwenye bati, hivyo walichosema wao nilikila pamoja na ugali wangu wa mtama. Kisukuma nilikielewa kuliko nilivyokizungumza, jambo ambalo sikulitangaza. Mzee alikuwa na wimbo mmoja: majaruba ya mpunga yaliyokuwa bondeni. Yalikuwa ya mdogo wake marehemu, na sasa yalilimwa na mjane wa mdogo wake, mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume, aliyekataa kurithiwa na aliyekataa kuhama. Mzee alisema ardhi ya ukoo inaliwa na mtu asiye wa ukoo. Bundala alikuwa akimtuliza, akisema yule ni mama mdogo, amzoee tu, hatadumu sana. Niliisikia hiyo "hatadumu sana" nikaidhania kuwa huruma.

Mjane huyo ndiye Mayu Kabula, yaani Mama Kabula. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, hatua chache kutoka mlango wangu, na ndiye mtu wa kwanza kijijini aliyenipa chakula bila kuniuliza kabila. Nikitoka shule alikuwa akiita, "Ng'wanone, njoo," yaani mwanangu, na ndani ya jiko lake lisilo na dirisha nilikuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikuwa mkali wa ulimi. Aliwasema wanaume wa kijiji mmoja mmoja, akinihesabia ni yupi aliyelelewa kwa uji wake na leo hamsalimii. Kuni hazikuwepo, nchi ile ilikwisha kunyolewa miti. Alipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake ulikuwa unachoma. Macho yake yalikuwa yakitiririka muda wote. Sitajifanya kwamba sikujua maana ya macho mekundu kwa mwanamke mzee wa Usukumani, kwamba huitwa mchawi. Nilijua, kama tulivyojua sote. Ila nilidhani mambo hayo ni ya kijiji kingine.

Alasiri moja ya mvua, mwezi wa nne, nilimwomba nimpige picha akiwa anakoroga mlenda. Akasema ningoje. Akaingia chumbani akatoka na kanga mpya ya manjano, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha shingo kama malkia. Jiko lilikuwa giza, nikawasha flashi. Alishtuka, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia nisiisahau akifa, niwaonyeshe wajukuu wake kwamba bibi yao alikuwa na meno yote ya mbele.

Mkanda niliupeleka studio Bariadi, nao wakautuma Mwanza kusafishwa, kwa kuwa wakati huo picha za rangi hazikusafishwa kwetu. Zilirudi baada ya wiki tatu. Za nje zilikuwa nzuri, lakini zote nilizopiga ndani ya nyumba kwa flashi zilikuwa na macho mekundu: mpishi wa shule, mke wa mwenye duka, bibi harusi mmoja, Bundala mwenyewe akiwa mezani na tonge mkononi, na Mayu Kabula. Nilizitandaza mezani katika sebule yao, nikamweleza Bundala alipouliza: mwanga wa flashi unaingia kwenye mboni iliyopanuka gizani, unagonga damu iliyo nyuma ya jicho, unarudi na rangi yake. Kosa ni la mwanga, si la mtu. Alielewa mara moja, alikuwa akifundisha sayansi darasa la saba. Aliichukua picha yake akaisogeza karibu, akasema amekuwa fisi, akacheka, akaniuliza kama mbuzi naye angetoka vile. Nikamwambia hata mbuzi. Nataka hilo likumbukwe. Alijua. Mtu wa kwanza kijiji kizima kujua alikuwa yeye.

Mwezi wa saba mtoto wa dada yake Bundala, msichana wa miaka mitatu aliyekuwa akimlalia kifuani kila jioni, alishikwa na degedege akafa siku ya pili, kabla hawajampata mtu wa kuwapeleka hospitali. Nilimwona Bundala akilichimba kaburi lile mwenyewe, akikataa kupokewa jembe. Namchukia, lakini sitamnyang'anya majonzi yake. Yalikuwa ya kweli. Baada ya matanga mzee wake alikwenda kwa mganga akarudi. Siku hiyo nilisikia kupitia ukuta kwamba mganga amesema ni mwanamke, ni jirani, na macho yake yatajionyesha yenyewe. Bundala hakusema kitu. Nilingoja aseme. Nikasikia kijiko kikigonga sahani, kisha mzee akaomba maji ya kunawa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Picha ya Mayu Kabula niliiona siku nne baadaye, dukani. Nilikwenda kununua mafuta ya taa nikawakuta wanaume kama saba wameinamia kaunta, na walipogeuka nikaiona kanga ya manjano mkononi mwa mwenye duka. Mwenye duka akaniambia mafuta yamekwisha, hali pipa lilikuwa mlangoni na harufu yake inasikika. Nilikimbia chumbani, nikaifungua bahasha yangu. Picha nyingine zote zilikuwamo. Moja tu ilikuwa imechukuliwa, na aliyeichukua alizipekua zote akaipita ya kwake.

Nilimkuta Bundala nyuma ya nyumba akipiga pasi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mzee ndiye aliyeichukua. Nikamwambia basi amweleze mzee kuhusu flashi, kama nilivyomweleza yeye. Hakuniangalia, alikuwa akiipitisha pasi kwenye kola, mbele na nyuma.

"Madamu," alisema, "wewe ni mtu wa kuondoka. Mimi nitazikwa hapa."

Sungusungu waliitisha mkutano Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wakati huo, kabla ya mambo kubadilika, walinzi hao wa jadi ndio waliokuwa mahakama ya kijiji, na kiongozi wao, ntemi, hakubishiwa. Wanaume walisimama na marungu na pinde, wanawake wakakaa upande wa jua. Mayu Kabula alikuwa ameketishwa chini katikati, miguu ameinyoosha, amevaa kanga ileile ya manjano. Sijui kama alilazimishwa au aliichagua. Picha ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeiona alimwangalia yeye, kisha akaiangalia tena, kama mtu anayelinganisha ng'ombe na alama yake. Baba yake Bundala alizungumza juu ya mjukuu wake, akalia, na watu wakalia naye. Wanawake ambao niliwaona mara mia wakichota uji kwa Kabula walikuwa wakisema bora yaishe leo.

Nilinyoosha mkono. Ntemi alinipa ruhusa kwa kuwa ni mwalimu. Nilizungumza Kiswahili, kwa haraka, nikieleza mwanga na mboni na damu, na nilijisikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa nikisikika. Mtu mmoja akauliza kwa nini basi macho ya watu yanabaki meusi kwenye picha za kitambulisho. Nikaona maneno hayatoshi. Nikatoa picha kwenye daftari nikaziweka mbele ya ntemi moja moja: mpishi wa shule, mke wa mwenye duka, bibi harusi. Nikasema tazameni, wote hawa wana macho mekundu, je, wote ni wachawi?

Ntemi alizitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wako wengi," alisema.

Kisha mwenye duka akamtambua mkewe, akaruka kuinyakua picha, mwingine akamshika mkono, na wanawake upande wa jua wakaanza kusogea, kila mmoja akijitenga na mwenzake. Mama wa bibi harusi alinijia akanitemea mate kifuani. Nilikuwa nimekuja kumwondoa mmoja katika kaburi nami nikawa nimewaongeza watatu. Bundala alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Tulitazamana, na nikajua kwamba anajua kilichobaki ndani ya daftari. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kunikataza. Nikaitoa picha yake, yule mtu na tonge lake na macho kama makaa, nikaiweka juu ya nyingine.

Ntemi aliiinua, akaigeuza ili wote waione. Baba yake Bundala alitoa sauti kama mtu aliyepigwa rungu. Ndipo Bundala aliposogea mbele, na ndiyo, alisimama peke yake, binti yake hakusoma uongo. Aliyasema yote niliyoyasema mimi, kwa Kisukuma, polepole, kwa mifano: jicho la fisi likimulikwa na taa ya lori, maji ya kisima yanayorudisha jua, mbuzi zizini. Alisema ni mwanga wa mashine. Alisema ameyasoma chuoni. Jasho lilikuwa limelowanisha ile kola aliyoinyoosha kwa pasi. Nao wakamsikiliza, wakaguna, wakaitikia, maana yalitoka kwa mwanamume, tena wa kwao, tena mwenye msiba. Alipomaliza, ntemi akasema picha haisemi kitu, mama aende nyumbani. Kisha akanigeukia mimi. Aliamuru nifungue kamera mwenyewe, niuvute mkanda wote nje juani, na picha zote zichomwe pale pale pamoja na mikanda ya zamani. Na kwa kuwa nilileta vitu vya kuwachonganisha watu, nitengwe mpaka shule zifungwe: nisisalimiwe, nisiuziwe, nisiazimwe hata moto.

Wiki hiyohiyo mkwe wa Mayu Kabula alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akamchukua kumpeleka kwa binti yake Malampaka. Picha ilikuwa haisemi kitu, lakini hakuna aliyemwomba radhi wala aliyemwambia abaki. Mvua za kwanza zilipoanguka, mzee wake Bundala alilima majaruba yale. Kwa hiyo nawauliza wale waliopiga makofi chini ya turubai: aliokolewa nani?

Mimi nilihamia kwenye stoo ya shule, kati ya maboksi ya chaki na madawati yaliyovunjika, nikala michembe mikavu na karanga nilizonunua Bariadi kila mwisho wa wiki, kwa mguu, maana hakuna baiskeli iliyonibeba. Watoto waliandika walichoandikiwa ubaoni na hawakunijibu kitu. Kwa miezi mitatu na zaidi mtu mmoja tu ndiye aliyevunja amri ya sungusungu. Kila asubuhi Bundala aliingia ofisi ya walimu, akavua kofia, akasema, "Habari za asubuhi, Madamu." Sikumjibu hata siku moja. Nilikuwa nikimsikia akingoja kidogo, kisha akivuta kiti.

Uhamisho wangu ulitoka mwezi wa kumi na mbili, kwenda Tabora, nami nilipaswa kupandia treni Malampaka. Nilifika asubuhi nikaulizia nyumba, nikaelekezwa nyuma ya stesheni. Nilikuwa nimenunua sukari na kanga, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: kwamba naomba radhi kwa ile picha, na kwamba walau nilisimama kumtetea. Mayu Kabula alikuwa amekaa kizingitini akichagua mawe kwenye mchele. Binti yake hakuniitikia salamu. Yeye aliniitikia, lakini aliniita Mwalimu. Akamwamuru binti yake anipakulie, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa, nami nikapiga magoti nikayasema maneno yangu yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa picha hana kinyongo, aliitaka mwenyewe, na kanga alikwenda kuivaa kwa miguu yake. Aliendelea kuchagua mawe.

"Lakini nilikuona ulipoitoa ile ya Bundala," alisema. "Hukuwa unawaonyesha mwanga. Ulikuwa unawapa mtu mwingine. Yule nilimbeba mgongoni mimi, akiwa mtoto."

Nilisema hapana, mayu, haikuwa hivyo. Hakubishana nami. Alinisogezea bakuli la mlenda, akasema nile, treni haingojei mtu. Nikala, naye alikaa amenipa mgongo mpaka nilipomaliza. Nilinawa, nikaaga, nikabeba begi langu. Nilipofika kwenye magunia ya mpunga nje ya stesheni ndipo niliposema ndiyo, kwa sauti, peke yangu, na mpagazi mmoja akageuka kuuliza kama nilikuwa namwita yeye.